Vikombe vya Mbithe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mbithe aliteka maji, akafagia uwanja na kuwafungulia kuku. Kisha aliwasha redio. Taarifa ya habari ilipoanza alimpelekea mama yake maji, akasimama hapo mpaka dawa zimezwe. Jioni, habari zilipoanza tena, alifanya vivyo hivyo. Muuguzi wa kliniki mjini Machakos ndiye aliyewafundisha kutumia redio. Alisema dawa hizo zinataka saa zilezile kila siku, na redio haisahau.

Waliishi Kaseveni, kijiji kilicho kwenye mteremko wa vilima vya Iveti. Ukisimama shambani kwao uliona mabati ya mji wa Machakos yaking'aa huko bondeni. Ulikuwa mwaka wa 2006, na Mbithe alikuwa darasa la sita. Baba yake, Wambua, alikuwa amefariki miaka miwili iliyotangulia. Baada ya mazishi, mama yake, Mbinya, alianza kukonda na kukohoa. Alikwenda kupimwa, akaambiwa ana virusi vya UKIMWI. Alipewa dawa za kupunguza makali ya virusi hivyo, na polepole nguvu zikarudi. Sasa aliweza kupika, kufua na kulima kidogo kabla ya jua kuwa kali. Mbithe naye alipimwa, akakutwa hana virusi.

Mambo haya waliyajua wao wawili na watu wa kliniki. Kijijini watu wengi walikuwa wamezikwa kwa ugonjwa huo, lakini jina lake halikutajwa makaburini. Ilisemwa kwamba marehemu alikuwa na kifua, au malaria iliyopanda kichwani. Kuhusu Mbinya mengi yalisemwa, kwa sauti ya chini.

Shamba lao lilishikiliwa na matuta, kama mashamba yote ya huko. Mtaro huchimbwa kukata mteremko na udongo hutupwa upande wa juu, ili maji ya mvua yasimame badala ya kukimbia na udongo. Mvua za Aprili zilikuwa zimepasua tuta la juu kabisa. Kama lisingezibwa kabla ya mvua za Novemba, udongo wote mzuri ungeshuka mtoni, na mama na mtoto wangebaki bila mahali pa kupanda mahindi wala mbaazi. Mbinya asingeweza kazi hiyo peke yake. Ilikuwa kazi ya mwethya.

Mwethya ni kazi ya pamoja. Akina mama wa Kaseveni walikuwa na kikundi chao, wakakiita Kyeni, yaani mwangaza. Kila Jumamosi walikusanyika kwenye shamba la mwenzao mmoja wakachimba, na Jumamosi iliyofuata wakaenda kwa mwingine. Mwenye shamba hakulipa kitu. Kazi yake ilikuwa kupika. Katikati ya asubuhi alitoa uji, na uji huo ulikuwa na utaratibu wake. Mwenye shamba alichota kwa kata, ile ya kibuyu, akanywa yeye kwanza mbele ya watu wote, kuonyesha kwamba chakula chake ni chema. Kisha aliipitisha kata kwa aliye karibu, naye akanywa na kumpa mwingine, mpaka ikamzungukia kila mtu. Aliyekataa uji wa mwenzake alikuwa amemwambia, bila kufungua mdomo, kwamba hamtaki tena kikundini.

Jumamosi moja mwezi wa Oktoba, mwethya ulikuwa kwa Mama Mutinda, mwenyekiti wa Kyeni. Mbithe alikuwa huko pamoja na watoto wengine, wakiokota mawe kwenye mtaro. Kata ya uji ilipopita ilimfikia Mbinya, naye akanywa na kumpa aliyekaa kando yake. Huyo alikuwa Mama Mbula, mwanamke kijana aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni. Mama Mbula aliipokea kata, akaitazama. Kisha aliinama kana kwamba anakaza leso ya mtoto, na kata akaipitisha bila kunywa.

"Huyu leo hataki kutulia kabisa," alisema.

Mwanamke aliyefuata alipangusa ukingo wa kata kwa pembe ya leso yake, akageuza upande, ndipo akanywa. Kazi ilipokwisha Mama Mutinda alisimama, akapiga makofi mara mbili.

"Jumamosi ijayo ni kwa Mama Mbithe. Kuna mwenye neno?"

Watu walitazama majembe yao.

Njiani kurudi nyumbani Mbithe alimwuliza mama yake, "Mama, umeona?"

"Nimeona."

"Sasa Jumamosi itakuwaje? Kwetu wewe ndiye utakunywa kwanza."

"Nitakunywa kwanza."

"Na wakikataa?"

Mbinya alilitazama jembe mkononi mwa mtoto. "Beba hilo jembe vizuri, Mbithe. Utajikata mguu."

Wiki nzima Mbithe alilifikiria jambo hilo. Alilifikiria darasani na kisimani. Kama mama yake angekunywa kwanza na kata irudi mkononi mwake, aibu hiyo ingekuwa kubwa kuliko ile ya kwa Mama Mutinda, na tuta lingebaki wazi. Kufikia Alhamisi alikuwa amepata njia. Kama kila mtu angekuwa na kikombe chake, hakungekuwa na kata ya kupitishwa. Na kama hakuna kata ya kupitishwa, hakuna wa kuikataa.

Ijumaa alasiri mama yake alimtuma mjini kununua unga wa wimbi na ndimu. Mbithe alinunua, kisha akapita kwenye hoteli ya Safiya, karibu na soko. Ilikuwa hoteli ndogo ya chai na sambusa, na Mbinya alipotoka kliniki alipenda kupumzika hapo kabla ya kupanda mlima.

"Karibu, mwanangu," alisema Safiya. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Kesho tuna mwethya. Anaomba umwazime vikombe."

"Aomba yeye, au waomba wewe?"

"Yeye," alijibu Mbithe, macho yakiwa kwenye sinia la sambusa.

Safiya alimtazama kidogo, kisha akaingia ndani na kutoka na vikombe vya plastiki vya rangi nyingi. "Hivi ni vya shughuli za harusi. Chukua. Lakini nataka virudi hivihivi. Niliwaazima watu wa harusi moja mwezi uliopita, wakanirudishia nusu, na sufuria isiyo yangu."

Mbithe alivipanga ndani ya kiondo, akaweka unga juu yake. Alipofika nyumbani alimpa mama unga na ndimu, kisha akakificha kiondo nyuma ya ghala.

Jumamosi akina mama walifika mapema, majembe mabegani.

"Wakya, Mama Mbithe?" walimsalimu kwa Kikamba.

"Aa. Karibuni."

Walikuja karibu wote, na Mbithe akafurahi. Kisha akaanza kuona mengine. Mama Mbula alikuwa amekuja na maji yake kwenye chupa. Mwingine alikuwa na mahindi ya kuchemsha yamefungwa kwenye leso. Mama Kioko, aliyezoea kucheka kuliko wote, alitangaza kabla hata hajaweka jembe chini kwamba siku hiyo amefunga.

"Umefunga? Wewe?" aliuliza Susu Syombua. Huyu alikuwa bibi mzee ambaye hakuweza tena kuchimba, lakini hakukosa mwethya hata mmoja. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ghala na fimbo yake. "Juzi kwa jirani Bartholomew ulikula sahani mbili, na bado ulikuwa unaangalia yangu."

"Ni funga ya kanisa, Susu."

"Kanisa gani? Mimi niko kanisa hilohilo na sijaambiwa."

Watu walicheka, Mama Kioko naye akacheka, lakini hakusema kwamba atakula.

Walipanda mpaka kwenye tuta la juu, wakaanza kazi. Wenye majembe uma walitangulia kuvunja ardhi, wenye mabeleshi wakafuata wakirusha udongo juu. Mama Mutinda alipima mtaro kwa kamba ili usiinamie upande mmoja, maana mtaro ulioinama hukusanya maji pembeni na kupasua tuta upya. Kufikia wakati wa uji mtaro ulikuwa umefika nusu. Udongo laini ulikuwa umelala juu ya ukingo, bado haujashindiliwa.

Walishuka uwanjani, wakanawa mikono, wakakaa. Mbinya aliteremsha sufuria kutoka jikoni, kisha akarudi ndani kuchukua kata. Mbithe aliona hiyo ndiyo nafasi yake. Alikimbia nyuma ya ghala, akarudi na kiondo, akavipanga vikombe juu ya sinia mbele ya wageni. Vilikuwa vyekundu, vya kijani, vya buluu na vya manjano.

"Hivi ni vya nini?" aliuliza Mama Mutinda.

"Kila mtu achukue chake," alisema Mbithe. "Hakuna haja ya kupitisha kata."

Mkono mmoja ulinyoshwa kuelekea kikombe, kisha ukarudishwa. Mama Mbula alisimama.

"Mmesikia? Mimi nikisema, mnaniambia niko na mdomo. Sasa ni watu wa nyumba yenyewe. Wameficha kata! Wanajua kwamba hiyo kata iko na hatari."

"Si hivyo," alisema Mbithe.

"Ni vipi basi? Tangu lini mwethya ukanywa kwa vikombe?"

"Na huo uji wenyewe," aliuliza Mama Kioko taratibu, "amekoroga nani?"

Mwanamke mmoja alianza kufunga leso yake kiunoni. Alisema alikuwa ameshamwambia Mama Mutinda kwamba leo ataondoka mapema. Mwingine aliinua jembe lake. Hawakupiga kelele. Walianza tu kuondoka, mmojammoja, kama watu wanaotoka kanisani kabla ya ibada kwisha.

Mbinya alitokea mlangoni na kata mkononi. Aliona vikombe. Aliona wenzake wakichukua majembe. Kisha akamtazama Mbithe.

Ndipo Mbithe alipoelewa alilofanya. Mpaka asubuhi hiyo wanawake wale walikuwa na uvumi tu, na mtu anaweza kuutilia shaka uvumi. Vikombe vilikuwa vimewapa ushahidi. Na kule juu mtaro ulikuwa nusu. Udongo laini kama ule, ukipigwa na mvua ya kwanza tu, ungeshuka wote, na shamba lingekuwa bovu kuliko lilivyokuwa jana.

Angeweza kukimbilia nyuma ya nyumba. Miguu yake ilitaka hivyo. Badala yake alisogea mbele, akasimama kati ya wanawake na njia ya kutokea.

"Subirini," alisema. "Subirini kidogo. Vikombe nimeleta mimi. Mama hajui. Hata mwenye vikombe nilimdanganya. Jumamosi iliyopita niliona Mama Mbula akiruka zamu yake, nikaogopa kwamba leo mtakataa uji. Nikafikiri mkipata vikombe mtakaa, na tuta litaisha. Sikuvileta kwa sababu ya hatari. Mimi nakunywa kwa kata hiyo na mama kila siku. Alipokuwa hawezi kuinuka nilimwosha, na nikalala naye kitanda kimoja. Nilipimwa, na sina kitu."

Hayo ya mwisho yalitoka kabla hajayazuia. Alifunika mdomo wake kwa mkono.

Kuku mmoja alipita katikati ya vikombe.

"Alipimwa nini?" aliuliza Susu Syombua kwa sauti kubwa, kwa maana masikio yake hayakuwa mazuri. "Mtoto anasema alipimwa nini?"

Mbinya aliteremka ngazi ya mlango, akaja mpaka kwenye sufuria.

"Alipimwa UKIMWI, Susu," alisema. "Ni kwa sababu mimi niko na virusi. Wambua alikuwa navyo. Nilipimwa baada ya kumzika, na sasa natumia dawa asubuhi na jioni. Ndiyo maana mnaniona nimesimama."

Katika Kaseveni hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo mbele ya wengine. Wanawake waliokuwa wameshika majembe hawakuyaweka chini, lakini hawakuondoka.

"Kwa nini hukutuambia?" aliuliza Mama Mutinda.

"Mngekuja?"

Mama Kioko ndiye aliyesema, "Mimi, kusema kweli, singekuja."

"Na mate?" aliuliza mwingine kutoka nyuma. "Kata inashika mate."

"Nilimwuliza muuguzi swali hilohilo," alisema Mbinya. "Nilikuwa naogopa kwa ajili ya huyu mtoto. Akaniambia virusi haviambukizwi kwa kata, wala kwa sahani, wala kwa kushikana mkono, wala kwa kutumia jembe moja. Vinapita kwa damu. Vinapita kwa kujamiiana bila kinga na mtu aliye navyo. Na mama anaweza kumwambukiza mtoto akiwa tumboni, au wakati wa kuzaa, au wa kunyonyesha, lakini akijulikana mapema anasaidiwa. Mtu akijikata hapa leo, tusiguse damu yake kwa mikono mitupu, awe mimi, awe mwingine yeyote. Hilo ndilo la kuchunga. Uji si la kuchunga."

Mama Mbula, aliyekuwa bado amesimama, alipeleka mkono nyuma akashika mguu wa mtoto wake.

"Desturi yetu ni mwenye shamba kuonja kwanza," alisema Mbinya. Alichota uji kwa kata, akanywa, akainyosha kata mbele yake kwa mikono miwili.

Hakuna aliyeipokea. Mbithe alitaka kuikimbilia yeye, lakini alijua kwamba hiyo haingesaidia. Mtoto wa nyumba si mgeni.

Mama Mutinda alikohoa.

"Mama Mbithe, naogopa," alisema. "Sitakudanganya. Haya umesema nimeyasikia kwa redio, na kwa baraza ya chifu pia, nikatikisa kichwa kukubali kama watu wengine. Kutikisa kichwa si kazi. Huu mkono ndio bado haujasikia."

Alipangusa udongo kwenye viganja vyake, akasogea, akaipokea kata. Hakugusa tu kwa midomo. Alikunywa mpaka watu wakaona koo lake likipanda na kushuka. Kisha akakunja uso.

"Umezidisha ndimu," alisema.

Mtu mmoja aliguna, na mwingine akacheka. Susu Syombua aligonga fimbo chini. "Nipe mimi! Nimekaa hapa tangu asubuhi nikiangalia hiyo sufuria kama paka. Mnahubiri tu, uji unapoa."

Baada ya hapo kata ilizunguka. Mama Kioko alikunywa, akatangaza kwamba kanisa limemruhusu kufungua, na Susu akamwambia kwamba hiyo ndiyo funga fupi kuliko zote alizowahi kuona. Si wote waliokunywa. Wawili waliipitisha kata kama walivyoipokea, na mmoja alichukua kikombe cha buluu, akachotewa humo. Wengine walitaka kumsema, lakini Mama Mutinda aliinua mkono.

"Mwacheni. Amebaki, si ndiyo? Leo hiyo inatosha."

Mama Mbula alikaa kando peke yake, akanywa maji ya chupa yake. Lakini Mama Mutinda aliposimama na kushika jembe uma, yeye pia alisimama, akakaza leso ya mtoto, akapanda na wengine. Jua lilikuwa limeanza kuinama walipomaliza. Waliushindilia udongo kwa miguu, wakipanga mstari na kukanyaga pamoja huku wakiimba, na tuta likawa gumu kutoka mwisho mmoja wa shamba hadi mwingine.

"Jumamosi ijayo," alitangaza Mama Mutinda, "ni kwa Mama Mbula. Kyeni wote. Nimesema wote."

Jioni hiyo Mbinya hakumgombeza Mbithe. Alimwambia tu kwamba kesho, baada ya kanisa, vikombe vitarudi kwa mwenyewe pamoja na ukweli. Jumapili Mbithe aliteremka mjini, akamkuta Safiya akikaanga sambusa, akamwambia kwamba aliyeomba vikombe alikuwa yeye.

"Nilijua," alisema Safiya. "Siku ile hukuzungumza na mimi, ulizungumza na sambusa. Haya, kaa unywe chai, kisha unisaidie kuvihesabu."

Mvua ilikuja mapema mwaka huo. Jumatatu alasiri mawingu yalishuka juu ya Iveti, na wanafunzi walipotoka shuleni matone makubwa yalikuwa yameanza kuanguka. Mbithe alikimbia njia nzima. Alipofika alimkuta mama yake amesimama shambani, mfuko wa plastiki kichwani, akitazama juu. Nyuma ya tuta maji mekundu yalikuwa yamekusanyika na kusimama. Yalipanda, yakafika karibu na ukingo, yakakaa hapo. Tuta halikupasuka.

"Limeshika," alisema Mbinya. Alisema tena, kwa sauti ndogo, "Limeshika, Mbithe."

Walipogeuka kurudi nyumbani walimwona Mama Mbula amesimama karibu na lango, amejifunika karatasi ya nailoni yeye na mtoto.

"Nimekuja kuona kama tuta limeshika," alisema.

"Limeshika. Ingia, utanyeshewa."

"Hapana, narudi sasa hivi." Lakini hakurudi. Alichora ardhi kwa kidole cha mguu. "Hiyo kliniki yenu. Mtu anaingilia mlango gani? Anaitwa jina lake mbele ya watu wote?"

"Hapana. Unaingia chumbani, unaongea na muuguzi peke yenu."

"Sijasema ni mimi."

"Hujasema," alisema Mbinya. "Mimi naenda Alhamisi kuchukua dawa. Napita hapo kwenu asubuhi. Mtu tukikutana naye barabarani, tutatembea pamoja."

Mama Mbula alimfunika mtoto vizuri. Mvua ilipiga nailoni kwa sauti. "Baba Mbula anakohoa tangu Juni," alisema mwishowe. "Na huyu bado ananyonya."

"Basi Alhamisi si mbali," alisema Mbinya.

Mama Mbula alipokwisha kwenda, Mbithe na mama yake walikaa karibu na moto, nguo zikikauka juu ya kamba. Mbithe aliuliza jambo lililokuwa likimsumbua.

"Mama, kama nisingeleta vile vikombe, ingekuwa vizuri zaidi?"

"Sijui. Labda wangekataa uji polepole, nami ningebaki hapa nikisema ni sawa. Lakini nataka uelewe kosa lako lilikuwa wapi. Vikombe vilikuwa vya kuwafanya watu wasiulize. Mtu asipouliza hajui, na asipojua anaogopa kata badala ya kuogopa ugonjwa wenyewe. Hata mimi nilikuwa na vikombe vyangu. Nilinyamaza miaka miwili nikifikiri nakulinda." Alisogeza kuni motoni. "Lakini ulipoona umekosea hukujificha. Ulisimama ukasema huku unaogopa. Nami nikaona, ikiwa mtoto ameweza, sina sababu ya kubaki mlangoni. Ukweli ule ndio umemleta mwenzetu leo kwenye mvua. Kwa hiyo ukiogopa tena, na utaogopa, usitafute kwanza njia ya kuficha. Tafuta njia ya kusema."

Alhamisi asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Mbithe alikuwa akielekea shuleni alipogeuka na kutazama bondeni. Barabara ya mjini ilikuwa nyekundu na yenye utelezi. Wanawake wawili walikuwa wakiteremka taratibu, mmoja akimshika mwenzake mkono kila walipofika penye utelezi mbaya. Aliwatambua wote wawili kwa leso zao. Walipofika kwenye kona walisimama, wakashughulika kidogo, kisha wakaendelea na safari. Mtoto sasa alikuwa mgongoni mwa Mbinya.